Nesi na risachi: maswali mnayouliza kila wakati

Haya ni yale maswali yanarudi rudi kwa grupu za WhatsApp za manesi, kwa wanafunzi wa KRCHN (diploma ya unesi wa jamii) wakikaribia kumaliza, na kwa wale wa digrii supavaiza akishakataa topiki mara ya pili. Nimeyajibu venye ningemjibu mtu tukinywa chai naiti ikiwa imetulia, kwa hivyo kama unatafuta lugha ya propozo hapa siyo. Mifano mingi ni ya Kisumu, Siaya, Kakamega na Nakuru juu huko ndio wengi wenu mko.

Kwani risachi si ni ya madaktari na watu wa KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa afya? Mimi ni nesi tu.

Yule tunakula kiapo kwa jina lake, Florence Nightingale, watu wanamkumbuka na taa, lakini kazi iliyobadilisha mambo ilikuwa ya kuhesabu. Alifika Scutari mwaka 1854 wakati wa vita vya Crimea, akakusanya rekodi za askari wanakufa na nini, na hesabu ikaonyesha wengi wanamalizwa na magonjwa ya uchafu kuliko majeraha ya vita. Mwaka 1858 akatoa ule mchoro wake wa duara wenye rangi, mchoro ambao hata mwanasiasa anayeogopa namba angeuelewa. Ndiye mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwa chama cha wanatakwimu cha Uingereza. Huyo ni nesi.

Na huku kwetu ndio usiseme. Neti zenye dawa ambazo leo tunapeana kliniki ya wajawazito kama kitu cha kawaida, zilijaribiwa Asembo na Gem, huko Siaya, miaka ya 1990. Ule utafiti wa tohara ya wanaume na HIV ulifanyika Kisumu na vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, ukasimamishwa mapema Desemba 2006 juu ilikuwa wazi tohara inapunguza maambukizi kwa zaidi ya nusu. Chanjo ya malaria ilianza kupeanwa Kenya Septemba 2019 Homa Bay, ikaenda kaunti nane za huku, na matokeo ya Kenya, Ghana na Malawi ndiyo yalisaidia WHO kuipendekeza Oktoba 2021 kwa watoto wa Afrika na kwingine kwenye malaria nyingi. Sasa niambie, hiyo chanjo ilidungwa na nani, rejista ilijazwa na nani, na mama akirudi analia mtoto ana joto alikuwa anaongea na nani? Mkoa huu umetafitiwa mpaka watoto wa shule wanajua fomu ya ridhaa ni nini. Manesi tumekuwa ndani ya risachi siku zote, shida ni kwamba tumekuwa mlango wa nyuma.

Sawa, lakini risachi imewahi nisaidia mimi na shifti yangu?

Chukua kutokwa damu baada ya kujifungua, hii kitu inatuulia wamama. Zamani tulikuwa tunakadiria damu kwa macho. Unaangalia padi, unaangalia shuka, unaangalia sakafu, unaandika 300 ml juu ndio namba imezoeleka, na saa hiyo mama ashapoteza mara mbili ya hiyo. Kila mtu aliyefanya leba anajua ile 300 ya kuandika bila kupima.

Halafu kukafanywa utafiti mkubwa unaitwa E-MOTIVE, hospitali karibu 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 200,000, ukachapishwa 2023. Walichofanya hakikuwa mashine ya mamilioni. Ni shuka la plastiki linalowekwa chini ya mama, lina mfuko wenye mistari ya kipimo, damu inaingia pale unasoma mililita. Ikifika kiwango, hungoji, hupigi simu kwanza ukae: unafanya mambo yote kwa mpigo, kukanda kizazi, oksitosini ya kukaza kizazi, tranexamic acid ya kuzuia damu, dripu, halafu unachunguza damu inatoka wapi na kuita msaada. Pale walipofanya hivyo, matatizo makubwa ya damu yalishuka kwa 60%. Na hii ndio ilinishtua zaidi: kwa hospitali zilizoendelea na macho, waligundua karibu nusu tu ya waliokuwa wanavuja damu kweli, wenye shuka wakagundua 93%. Yaani nusu ya wagonjwa walikuwa mbele yetu na hatuwaoni.

Angalia nani alikuwa anatandika hilo shuka na kusoma mistari. Ni mkunga.

Kuna mengine. Kumbeba mtoto njiti kifuani ngozi kwa ngozi kulianza Bogotá mwaka 1978 juu walikosa inkubeta za kutosha, na kufikia 2022 WHO ikasema anzeni mara moja baada ya kuzaliwa, msingoje mpaka mtoto atulie. Kama wodi yenu bado inangoja, hiyo ni mazungumzo ya CME ijayo, kile kikao chetu cha kujifunza kazini.

Mbona basi tunafundishwa hivi shuleni na wodini tunafanyanga vile?

Juu karatasi haitembei yenyewe mpaka wodini. Kuna hesabu maarufu kwamba utafiti unachukua kama miaka 17 kufika kwa mgonjwa, na hata kama hiyo namba ni ya kukadiria, wewe mwenyewe umeona. Manesi wakiulizwa nini kinawazuia kutumia utafiti, nchi nyingi sana majibu yanafanana: sina wakati, sina mamlaka ya kubadilisha kitu, sielewi takwimu, na karatasi yenyewe siipati.

Hiyo ya mamlaka ndio kubwa huku. Unatoka semina umejaa moto, unamwambia inchaji "Sista, siku hizi tunafanya hivi", anakuangalia juu mpaka chini anasema hapa ndio tunafanyanga hivi tangu hujazaliwa. Ushauri wangu, usiende na maneno. Nenda na karatasi ya mwongozo wa wizara ama wa WHO, uende na namba za wodi yenu ya mwezi uliopita, na uende ukiwa peke yako, siyo mbele ya wanafunzi. Inchaji mwenye miaka 25 ya kazi hawezi kubali kurekebishwa mbele ya watoto wa attachment, hata kama uko sahihi, na kusema kweli pia wewe hungekubali.

Wodi ina wagonjwa 40, manesi ni wawili. Nifanye risachi saa ngapi?

Swali la haki. Sitakudanganya ati upange wakati vizuri utapata nafasi. Hakuna.

Lakini kuna utafiti unaohusu hiyo shida yenyewe. Linda Aiken, nesi wa Marekani, na wenzake walichukua hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya, wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000, wakachapisha 2014: kila mgonjwa mmoja unayemuongezea nesi, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa 7%. Mmoja tu. Hiyo ni Ulaya, hesabu zao za wagonjwa kwa nesi sisi tungeziita likizo.

Mgomo wa manesi wa 2017 ulichukua karibu miezi mitano. Kelele tulipiga, mabango tulibeba, na pale mezani mwajiri anakuja na faili ya namba na sisi tunakuja na hasira. Mimi naamini tungeongea tofauti kama kila kaunti ingekuwa na nesi mmoja ambaye amepima, kwa mfano, dozi ngapi za antibiotiki za saa nane usiku zinaruka ama kuchelewa wodi ikiwa na nesi mmoja, na ngapi ikiwa na watatu. Hiyo data iko kwa chati za dawa tayari. Hakuna mtu ameitafuta.

Sina digrii. Nianzie wapi?

Anzia kwa kitu kinachokukera. Siyo "sababu zinazoathiri utoaji wa huduma bora katika kaunti", hiyo topiki iachie kabati za vyuo, zimejaa.

Mfano wa karibu. Tuseme uko NBU, wodi ya watoto wachanga, na unaona watoto wanaletwa kutoka leba wakiwa baridi. Mguu ukishika ni kama umeshika soda ya friji. Fomu ya kulaza mtoto ina nafasi ya joto, kwa hivyo chukua fomu za miezi mitatu, hesabu wangapi waliingia chini ya 36.5. Usiandike majina, andika tu tarehe, saa, uzito, joto, alizaliwa kawaida ama kwa kisu. Hapo hapo utaanza kuona mambo. Labda wa usiku ni baridi kuliko wa mchana. Labda wale wa tieta ndio wabaya zaidi. Halafu shuka chini leba usimame uangalie kwa macho yako, siyo kupeleleza watu, mwambie inchaji wa huko kwanza. Utaona mtoto anakaushwa na taulo, halafu analazwa kwa ile ile taulo iliyolowa. Utaona anapelekwa mizani kabla ya kuwekwa kifuani kwa mama. Utaona dirisha lililovunjika kioo liko pale juu ya meza ya mtoto, na kila mtu amelizoea.

Sasa una swali, una namba za mwanzo, na una vitu vya kubadilisha ambavyo havihitaji bajeti ya gavana: taulo mbili badala ya moja, kofia, mizani ingoje, kioo kizibwe. Badilisha, hesabu tena miezi mitatu. Ukiwa na diploma unaweza kabisa, na kazi kama hii mimi naiheshimu kuliko mastazi nyingi nimesoma.

Hii kitaalamu inaitwa ukaguzi wa huduma, na kwa kawaida ukiufanya kwa ajili ya wodi yenu unatosha na ruhusa ya hospitali. Lakini ukifikiria kuchapisha, uliza kamati ya maadili mapema, kabla hujaanza. Baadaye hawawezi kukupa ruhusa ya jana.

Ruhusa ni zipi na nazitoa wapi?

Kama ni utafiti kamili, mpangilio huwa hivi: propozo ikubaliwe na chuo ama idara yako, halafu kamati ya maadili, halafu kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) ambacho unaomba mtandaoni chini ya sheria ya 2013, halafu barua ya kaunti na ya hospitali yenyewe. Kamati za maadili za huku zipo, huhitaji kupanda basi ya Nairobi: Maseno, hospitali ya Jaramogi pale Kisumu, Masinde Muliro Kakamega, Moi na hospitali yake ya rufaa Eldoret, na watu wa Nakuru wana Egerton. Anza mapema. Kamati zinakaa kwa ratiba zao, na wewe uki-"submit" siku moja baada ya kikao umengoja mpaka kikao kingine. Kwa hivyo piga simu uulize tarehe.

Na usisahau kumuona inchaji wa wodi na barua mkononi. Umetoka kwa mkurugenzi na mihuri minne, lakini rejista iko kwa kabati na ufunguo uko na Sista.

Lakini rejista tunajaza sisi wenyewe, mbona niombe ruhusa kuisoma?

Unaijaza kumhudumia mgonjwa. Yeye alikupa namba ya simu, umri, matokeo ya HIV, ili atibiwe, hakukupa ili uende nayo kwa laptopu. Sheria ya kulinda data ya 2019 inaweka habari za afya kwa kundi la siri zaidi. Kupiga picha ukurasa wa MOH 333, ile rejista ya wanaojifungua, na simu yako, na majina ya wamama yanaonekana, ukatuma kwa grupu ati "hebu mnisaidie kuhesabu", hiyo ni kosa, na nimeona watu wanaifanya bila hata kupepesa macho.

Kuna kitu kingine ambacho sisi manesi tunapaswa kukijua kuliko watafiti wengine. Mgonjwa akiona yunifomu hawezi kukataa. Mama njia imefunguka sentimita nane, uchungu umepanda, unampa karatasi ya kurasa tano aweke sahihi, atasaini hata hati ya shamba. Hiyo siyo ridhaa. Ongea naye kliniki kabla hajafika leba, kwa lugha anayoielewa, na kama ni mama wa Nyakach ama Butere isomwe kwa Kijaluo ama Kiluhya na mtu anayeijua vizuri. Kama hasomi, aweke kidole gumba mbele ya shahidi ambaye siyo wewe. Na akisema hapana, kesho yake apate huduma ile ile na tabasamu lile lile. Ukiweza, mtu mwingine asiyemhudumia ndiye aombe ridhaa.

Hii 384 kila mtu anaandika inatoka wapi?

Haha. Inatoka kwa fomula ya idadi ya watu wa kuuliza kwa utafiti: 1.96 mara yenyewe, mara 0.5 mara 0.5, gawa kwa 0.05 mara yenyewe. Unapata 384. Inafaa ukiwa unatafuta asilimia ya kitu kwa watu wengi sana na hujui asilimia ni ngapi.

Shida watu wanaiandika hata pale hospitali nzima ina manesi 60. Utatoa wapi hao wengine, Uganda? Kuna marekebisho ya kundi dogo: 384 gawa kwa (1 jumlisha 384/60), inakuja kama 52. Kwa ukweli hapo ningeuliza tu wote 60 nimalize. Na kama unalinganisha makundi mawili, ama unafanya mahojiano ya kina, hiyo fomula haikuhusu kabisa.

Takwimu zinanishinda.

Wengi wetu zinatushinda. Asilimia, wastani na grafu moja safi zinaweza kubeba kazi ya kwanza. Zikizidi hapo tafuta mtu wa takwimu kabla ya kukusanya data, siyo baada. Ukimpelekea data imekwisha kusanywa vibaya atakuhurumia tu.

Naweza kulipa mtu wa saiba aniandikie propozo?

Unaweza, na siku ya kutetea atakuwa kwake na wewe uko mbele ya jopo unaulizwa mbona ulichagua hiyo mbinu. Usifanye.

Majarida yanataka dola 40 kwa karatasi moja. Nasoma wapi?

PubMed unatafuta bure, na karatasi nyingi siku hizi ziko wazi, bonyeza pale wanaonyesha nakala kamili ya bure. Miongozo ya WHO yote ni bure. Kuna Hinari, mpango wa tangu 2002 wa kupa nchi kama zetu majarida ya afya, uliza mkutubi wa chuo ama wa hospitali kama wana akaunti. Ikishindikana mwandikie mwandishi barua pepe umwombe nakala, wengi hutuma na wanafurahi ati kuna mtu amesoma.

Kuwa macho na barua pepe za "Dear Esteemed Professor" zinazoahidi kuchapisha kazi yako ndani ya siku tatu ukilipa kwanza. Jarida la kweli linakusumbua: wanawapa wataalamu wengine wasome kazi yako, wanairudisha na maswali, inachukua miezi.

Nimewakusanyia watu data miaka mingi, jina langu halijawahi kuonekana popote. Hii ni sawa?

Hili ndilo swali linakuja kwa inboksi usiku, na linakuja na uchungu. Nitataja hali bila kutaja mtu. Mradi unakuja kituo chenu, unapewa fomu za ziada, kila mgonjwa dakika 20 juu ya kazi yako, airtime ya shilingi mia tano na fulana. Mwaka unaisha wanafunga. Miaka miwili baadaye unakutana na karatasi mtandaoni, kituo chako kimetajwa pale kwa sehemu ya mbinu, waandishi 14, na manesi wako kwa mstari wa mwisho wa shukrani: "wahudumu wa afya walioshiriki". Matokeo hayakurudi kwenu. Hamjui kama ile dawa ilifanya kazi.

Kwa sheria za majarida makubwa, kukusanya data peke yake hakukufanyi mwandishi. Unahitaji kuchangia kwa wazo, muundo, ukusanyaji ama uchambuzi, na pia ushiriki kuandika ama kurekebisha, ukubali nakala ya mwisho, na uweze kujibu maswali kuihusu. Lakini soma hiyo vizuri: ukiwa umekusanya, mguu mmoja uko ndani tayari. Kinachokufungia nje ni kwamba hakuna aliyekutumia rasimu usome. Na sheria hizo hizo zinasema mtu aliyetimiza sharti la kwanza asinyimwe nafasi ya kuandika.

Kwa hivyo ongea mapema, wakati wanakuhitaji. Wakija kwa inchaji na barua yao, uliza mambo matatu kwa upole na yaandikwe: nani kati yetu atakaa kwa kikao cha kuandika, matokeo yataletwa hapa lini na kwa namna gani, na hizi fomu zinaongeza dakika ngapi kwa kazi ya nani. Wengine watashtuka. Wengine watafurahi juu pia wao wanatafuta mtu anayejua mbona kina mama hawarudi.

Na hapo ndipo tuna nguvu. Ratiba ya chanjo ya malaria wakati wa majaribio ilikuwa miezi 6, 7, 9, halafu ya nne mtoto akiwa na miezi 24. Nesi yeyote wa MCH (kliniki ya mama na mtoto) angekuambia siku ya kwanza hiyo ya nne itasumbua, juu kati ya 9 na 24 mama ameshasahau njia ya kliniki, ama ameenda Nairobi kutafuta kazi na mtoto amebaki na nyanya yake asiye na kijitabu. Hayo maarifa hayako maabara.

Niache kazi ya kaunti niende kuwa nesi wa mradi?

Mshahara mara nyingi ni mzuri na utajifunza: kufuata utaratibu, kuandika kila kitu, mafunzo ya maadili ya utafiti na cheti chake. Lakini mkataba ni mkataba. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, watu wengi wa miradi ya HIV huku kwetu walipata barua ndani ya siku chache. Ukiweza, omba likizo isiyo na malipo kuliko kujiuzulu. Na ukiwa huko usikae kwa kudunga na kutoa damu tu, omba kukaa kwa vikao vya data.

Nimemaliza. Matokeo nayapeleka wapi?

Kwanza wodini, kwa CME, slaidi zisizidi kumi na chai iwepo. Waliojaza hizo rejista wasikie kabla ya mtu mwingine. Pili, karatasi moja ya ukurasa mmoja kwa nesi mkuu wa kaunti na timu ya afya, na hapo weka ombi moja tu, siyo mapendekezo 11, yaani kama ni taulo mbili kwa kila mtoto sema taulo mbili na uweke bei. Tatu, kongamano la kisayansi la chama cha manesi, wanapokea muhtasari kila mwaka. Jarida lije baada ya hapo, na uandike na mtu aliyewahi kuchapisha ili akufunze kujibu wale wasomaji wakali.

Nakala ya tasnifu mpelekee pia Sista mwenye ufunguo wa kabati. Ndiye utamwendea tena.